Kufika Ukingoni Mara Mbili

Ilikuwako nchi moja ambayo aliyenisimulia habari zake aliniomba nisiseme iko upande gani, nami nimekubali, maana hata waliokuwa wakiitawala hawakuwa na hakika sana. Iliitwa Jamhuri ya Tambarare. Ilikuwa pana kupita kiasi na watu wake walikuwa wachache mno. Uliweza kusafiri tangu alfajiri hadi adhuhuri usikutane na kiumbe ila mbuni, na mbuni mwenyewe akakukimbia.

Nchi nyingine yenye hali hiyo ingejenga barabara. Serikali ya Tambarare ilijenga mashaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: penye watu wengi, mtu akiondoka hakuna anayegundua, lakini penye watu wachache, mtu akiondoka huacha pengo, na pengo ni suala la usalama. Kwa hiyo ikaundwa Wizara ya Mienendo, iliyokuwa na watumishi wengi kuliko wasafiri, ili kila msafiri apate huduma ya kushukiwa na watu wasiopungua wanne.

Katika nchi hiyo aliishi Sista Mwasiti Kalindo, muuguzi mkuu wa zahanati ya Ukingoni. Alikuwa mkuu kwa sababu chini yake alikuwapo Yeronimo, muuguzi msaidizi, na chini ya Yeronimo hakuwapo mtu. Ukingoni ni wilaya ya mwisho kabisa mashariki, kilomita elfu moja na mia moja kutoka Kitovu, mji mkuu. Mwasiti alikuwa amekaa huko miaka tisa, akizalisha, akifunga vidonda, akigombana na wanaume wasiotaka kumeza dawa mpaka ziishe.

Basi mwezi mmoja aliitwa Kitovu kuhudhuria semina ya kitaifa iliyoitwa "Umbali ni Fursa". Siku ya nne ya semina aliitwa kwenye simu ya upepo. Alikuwa Yeronimo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Sista, mbwa mwenye kichaa ameingia mjini. Ameng'ata watu sita kabla hajauawa."

"Una hakika ni kichaa?"

"Alikuwa anatokwa mapovu, anakwenda upande upande. Aling'ata hata nguzo ya bendera."

"Waoshe majeraha kwa sabuni na maji mengi, kila mmoja robo saa nzima, usiwaonee huruma. Mimi naja na chanjo."

Ukingoni hakukuwa na chanjo kwa sababu Mkuu wa Wilaya, Bwana Kilongola, alikuwa ameripoti miaka minne mfululizo kwamba wilaya yake haina kichaa cha mbwa, na Kitovu haikuona haja ya kupeleka dawa ya ugonjwa uliokwisha kukatazwa. Mwasiti alikwenda bohari kuu ya dawa akaeleza shida yake. Mtunza bohari alimpa chupa zote alizotaka, akampangia barafu vizuri ndani ya kisanduku, akamtakia safari njema. Hakumuuliza swali hata moja. Mwasiti alitembea hatua chache, akageuka kumtazama mara mbili. Katika Tambarare, mtu asiyeuliza kitu alikuwa wa kuogopwa.

Wasiwasi wake ulitulia alipofika uwanja wa ndege, kwa maana huko waliuliza.

"Unakwenda wapi?" alisema Afisa wa Kushuku Daraja la Pili, bwana mmoja mwenye miwani myeusi aliyekuwa akisoma tiketi yake kwa kuinusa.

"Ukingoni."

"Kufanya nini?"

"Ndiko ninakoishi na kufanya kazi."

"Kwa hiyo unakiri uliwahi kuwako huko kabla."

"Miaka tisa, afande."

"Miaka tisa!" Aliandika. "Na kama unapapenda hivyo, mbona uliondoka?"

"Niliitwa kwenye semina."

"Na kama semina ni nzuri, mbona unaikimbia?"

Mwasiti alieleza habari za mbwa. Afisa akataka jina la mbwa, kabila lake na aliyemtuma. Mwishowe akagonga muhuri, kwa kuwa alishapata kurasa tatu na alikuwa halipwi zaidi ya hapo.

Ndege ya taifa ilikuwa moja. Ilikuwa nzuri, yenye mbawa mbili, na safari ya Ukingoni kwa kawaida iliichukua saa mbili na nusu. Abiria kumi na mmoja walifunga mikanda, kila mmoja akimkagua mwenzake kwa pembe ya jicho. Mwasiti alikipakata kisanduku chake. Kipimajoto kilichoning'inia ubavuni kilisoma nyuzi nne. Chanjo ile hutaka baridi isiyopungua mbili wala kuzidi nane. Ikikaa kwenye joto huharibika, ukabaki unawadunga watu maji.

Kabla ndege haijaruka, akapanda Mheshimiwa Daktari Fumbuka, Waziri wa Umbali, na wapambe watano. Rubani akatangaza kwa unyenyekevu kwamba, kwa heshima ya pekee, abiria watashiriki uzinduzi wa Barabara Kuu ya Mashariki kutoka angani.

Wakaruka. Utepe mwekundu ukafungwa kutoka kiti cha kwanza hadi mlango wa choo. Mheshimiwa akasimama, akashika mkasi kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili.

"Ndugu wananchi, mliopo na mnaodhaniwa kuwapo!" alinguruma. "Wako vibaraka wanaosema nchi yetu ni kubwa mno. Nawauliza, kipimo wamekitoa wapi? Nani aliwatuma kupima? Mimi natazama chini hapa, naona barabara imenyooka! Imenyooka hata pale ambapo haijajengwa! Je, huo si uzalendo wa ardhi?"

Wapambe wakapiga makofi. Utepe ukakatwa kwa mara ya saba katika historia ya barabara ile, ndege ikazunguka mara tatu ili Mheshimiwa apungie mkono mbuni, kisha ikashuka. Mwasiti akachungulia dirishani akitafuta vibanda vya Ukingoni na kisima chake. Akaona jengo la posta ya Kitovu.

Chini kulikuwa na ngoma na kitambaa kipana kilichoandikwa KARIBUNI UKINGONI. Karani aliyeketi chini ya kitambaa alimgongea Mwasiti muhuri wa kijani: AMEFIKA.

"Kaka yangu," alisema Mwasiti, "hapa ni Kitovu. Ile pale ni posta. Asubuhi nimenunua maandazi pembeni yake."

Karani alimtazama kwa masikitiko. "Dada, ndege hii iliondoka kwenda Ukingoni. Sasa imetua. Unataka kusema kwamba ndege ya taifa imepotea?"

Nyuma ya karani walisimama mabwana wawili wakijifanya wanatazama mawingu, na siku hiyo hapakuwa na mawingu.

"Hapana," alisema Mwasiti. "Sisemi hivyo."

"Basi umefika. Pole na safari."

Safari nyingine ya ndege ilikuwa baada ya wiki mbili, na watu sita walikuwa wameng'atwa. Ikabaki barabara. Alikimbilia ofisi ya Wizara ya Mienendo kuomba kibali cha kwenda Ukingoni kwa gari, na karani wa huko aliugeuza ule muhuri wa kijani mbele na nyuma.

"Umeshafika Ukingoni, mama. Mtu aliyefika mahali akataka kufika tena, huyo ana lake jambo."

Mwasiti alihisi machozi yanamjia. Akayazuia, kwa sababu kulia kulikuwa na fomu yake. Akafikiri kidogo, halafu akauliza kwa upole, "Na mtu aliyeko Ukingoni akitaka kwenda Ukingoni hapo hapo, anahitaji kibali?"

Karani akafungua kitabu cha kanuni. "Matembezi ya ndani ya wilaya hayahitaji kibali," alisoma, akajikuna kichwa, akamwandikia karatasi ya matembezi. "Tembea salama."

Ndivyo Sista Mwasiti alivyoanza safari ya kilomita elfu moja na mia moja akiwa, kisheria, amejinyoosha miguu.

Alipata lori la chumvi na sabuni lililokuwa likielekea mashariki. Dereva wake aliitwa Tindwa, mtu mnene mchangamfu ambaye kwa miaka ishirini hakuwa amepata wa kuzungumza naye barabarani, na sasa alikuwa na deni lote hilo la maneno.

"Hii barabara imefunguliwa mara saba, dada yangu," alisema lori likidunda shimoni. "Mimi sijawahi hata kuiona imefungwa. Ningeiona imefungwa ningefurahi, angalau ningejua ipo." Akacheka mpaka akakohoa. Mwasiti naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya Yeronimo.

Adhuhuri walifika kizuizi cha kwanza. Ulikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili katikati ya uwanda usio na ukuta wala senyenge. Kulia kwake ng'ombe walikuwa wakipita, kushoto walikuwa wakirudi. Tindwa alisimama, akazima injini. Kupita pembeni lilikuwa kosa la jinai.

Askari aliamuru kisanduku kifunguliwe. Akakiacha wazi juani huku akinakili maandishi ya kila chupa, herufi moja moja, kwa kalamu iliyokuwa ikikauka. Walipoondoka kipimajoto kilisoma nyuzi tano na nusu. Kizuizi cha pili walikifikia jioni. Huko chupa zenyewe hazikuwashughulisha. Walichoshuku ni barafu.

"Kwa joto hili, barafu umeipata wapi?" alisema mkuu wa zamu. "Nani anakupa baridi?"

Nyuzi saba. Walilala garini, na kulipopambazuka Mwasiti alifunika kisanduku kwa khanga zake mbili alizozilowesha maji, akakaa akikikumbatia kama mwana mchanga. Tindwa aliacha utani. Aliendesha bila kupumzika mpaka kizuizi cha tatu, na hapo ndipo alipokuwa Koplo Mashamba.

Koplo Mashamba alikuwa kijana nadhifu. Alilizunguka lori, akasoma karatasi ya matembezi, akaweka mkono juu ya kifuniko cha kisanduku.

"Hiki kitabaki hapa," alisema. "Mkuu wangu yuko likizo. Akirudi mwezi ujao atakiangalia."

"Mwanangu, watu watakufa."

"Wangapi?"

"Sita."

"Wana vibali?"

Mwasiti baadaye hakuweza kueleza vizuri kilichompata. Alisema tu kwamba alichoka. Aliingiza mkono mkobani, akatoa daftari la semina lenye nembo ya taifa juu ya jalada, akalifungua ukurasa mweupe, akamtazama Koplo bila kupepesa.

"Jina lako kamili," alisema.

Hata ng'ombe waliacha kutafuna.

"La nini, mama?"

"Niambie tu. Na kifuniko hiki umekifungua saa ngapi?"

"Sijakifungua!"

"Nimekuona umekishika."

"Nilikuwa nakipangusa vumbi."

"Uliagizwa ukipanguse?"

Koplo Mashamba akatokwa na jasho. Mwasiti aliandika mstari mmoja daftarini, polepole. Aliandika "chumvi, sabuni, kibiriti," vitu alivyokusudia kununua akifika, lakini kutoka alikosimama Koplo maandishi yale yalionekana marefu na mabaya. Katika dakika tano zilizofuata mti uliinuliwa, saluti ikapigwa, na barafu yote iliyokuwa kwenye friji ya mkuu aliye likizo ikahamia kwenye kisanduku. Nyuzi tatu na nusu.

Simu ya upepo ilikwenda mbio kuliko lori. Vizuizi vilivyobaki waliviona vimeinuliwa tangu mbali, askari wamejipanga na barafu mikononi. Mwanamke wa daftari anapita, walikuwa wakiambizana. Amewekwa Ukingoni miaka tisa, anajifanya nesi. Yuko kwenye matembezi ya siri.

Mwasiti alijisikia vizuri. Hakulificha hilo alipokuja kusimulia. Mtu aliyesukumwa maisha yake yote alikuwa ameonja kusukuma, na ilikuwa tamu. Aligeuka kumwambia Tindwa jinsi koplo yule alivyotetemeka, wacheke pamoja.

Tindwa alikuwa anatazama mbele, mikono miwili juu ya usukani.

"Serikali imejitahidi sana na mashimo haya," alisema kwa sauti ya kuhutubia. "Yana kina cha kuridhisha."

"Tindwa, ni mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Akaongeza mwendo mpaka Ukingoni.

Waliingia siku ya tatu kabla ya saa sita mchana. Ukingoni kulikuwa na nyumba kama arobaini, kisima, duka, na ofisi ya wilaya yenye bendera. Siku zote Mwasiti akirudi safari, wanawake walitoka kumpokea mizigo. Safari hii milango yote ilikuwa imefungwa. Mbele ya zahanati alisimama Yeronimo peke yake, amekakamaa kama mwanajeshi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Zahanati iko salama. Hakuna tukio."

"Yeronimo, acha upuuzi. Nipe majina ya waliong'atwa."

"Kung'atwa na nini, Mheshimiwa?"

"Na mbwa!"

"Mbwa gani?" alisema Yeronimo. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa bandeji.

Mwasiti alimtazama kijana huyu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika sindano. Hapo ndipo alipoelewa alichokileta kutoka barabarani. Chanjo ilikuwa imefika ikiwa baridi, safi kabisa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa tayari kuwa ameng'atwa, kwa sababu Mkuu wa Wilaya alisharipoti kwamba mbwa hayupo, na sasa mkaguzi amekuja kutafuta nani anabisha.

Alianza kupita mlango hadi mlango. Kwa mfugaji Mzee Lugendo alifunguliwa baada ya kubisha mara sita. Mkono wa mzee ulikuwa umevimba.

"Umefanya nini, baba?"

"Nimejikata na shoka."

"Shoka lina meno manne?"

"Ni la zamani."

Mwasiti akakaa chini pale pale kizingitini. Alikuwa na vumbi la siku tatu, na khanga zake zilinuka maji ya mapipa. Hakuwa na hotuba. Angeweza kuapa kwamba yeye ni yule yule, lakini mkaguzi hodari angeapa hivyo hivyo.

"Sawa, baba," alisema hatimaye. "Ninayo chanjo ya shoka."

Mzee Lugendo akachungulia nje, kulia na kushoto.

"Inaandikwa?"

"Litaandikwa shoka."

Mzee akatoa mkono.

Kufika alasiri Mwasiti alikuwa amemchanja mama mmoja aliyebanwa na mlango, bwana na bibi waliochomwa na mwiba mmoja kwa wakati mmoja, na Yeronimo mwenyewe, ambaye alikuwa ameungua na sufuria. Aliwaambia warudi siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, maana shoka, mlango, mwiba na sufuria ni vitu vyenye sumu ya kujificha. Wakarudi wote. Siku ya saba mama wa mlango alimletea maziwa, akamwita Sista, na Mwasiti alilazimika kuingia chumba cha dawa ajifute uso.

Lakini waliochanjwa walikuwa watano.

"Wa sita ni nani?" alimuuliza Yeronimo.

Yeronimo akaenda kufunga dirisha kwanza. "Mkuu wa Wilaya. Kwenye kifundo cha mguu, wakati wa kupandisha bendera. Aliimba wimbo wa taifa mpaka mwisho bila kusogea."

Alasiri ile ile ya kwanza Mwasiti alikwenda ofisini kwake. Bwana Kilongola alikuwa mtu mpole mwenye masharubu meupe, aliyempenda mkewe na kuogopa simu. Alimkaribisha kwa kusimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka tisa.

"Mzee, sikuja kuandika chochote," alisema Mwasiti. "Mlango umefungwa. Nikudunge mara moja, hakuna atakayejua."

"Kunidunga kwa ajili gani? Wilaya haina mbwa mwenye kichaa."

"Basi ni chanjo ya kiatu. Kiatu kimekubana."

Alitabasamu kwa huzuni. "Sista, au sijui nikuiteje. Umetuzalishia watoto. Mke wangu alikunywa chai kwako kila Ijumaa. Na miaka yote hiyo hatukukushuku hata kidogo. Unajua inahitaji ustadi wa namna gani, mtu asishukiwe Tambarare?"

"Mimi ni nesi, mzee! Nilikuwa na daftari la semina. Niliwadanganya askari ili barafu isiyeyuke."

"Mkaguzi wa kweli," alisema Bwana Kilongola, "angesema hivyo hivyo." Akavuta suruali ikafunika kifundo cha mguu. "Nikitoa mkono, nimekiri. Nami nimeitwa Kitovu kupokea nishani, ya wilaya isiyo na kichaa cha mbwa. Watu wangu wanaisubiri."

Alikwenda tena kesho yake, na kesho kutwa, akamweleza kwamba mwenye kichaa cha mbwa akishaanza kuogopa maji hakuna sindano ya kumponya. Alikwenda kwa mkewe, na mkewe akamfungia mlango akilia. Alimpelekea Yeronimo, akampelekea Mzee Lugendo aliyevua shati kuonyesha alipochomwa. Bwana Kilongola aliwashukuru wote kwa ziara zao na kuwaandika majina. Juma la sita ndege ya taifa ilikuja kumchukua, na safari hiyo ilifika ilikokuwa inakwenda.

Sherehe ilitangazwa redioni alasiri. Mji mzima ulikusanyika dukani, na Mwasiti alisimama mlangoni. Waliisikia sauti ya Mheshimiwa Daktari Fumbuka ikisifu wilaya ya mfano. Walisikia nishani ikibandikwa. Kisha sauti ya Bwana Kilongola ikaanza kushukuru, nyembamba, yenye kukwaruza, ikakatika.

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya amepewa bilauri ya maji ili alainishe koo," alieleza mtangazaji. "Anaitazama. Ameisukuma mbali! Anatetemeka, ndugu wasikilizaji, anatetemeka mwili mzima kwa hisia za uzalendo. Ameletewa tena, ameipiga teke! Naam, huyu ni kiongozi anayekataa kunywa huku wilaya kame zina kiu!"

Makofi yakalipuka. Mtangazaji akalazimika kupaza sauti kusema kwamba Mheshimiwa Waziri naye ameguswa na amesukuma bilauri yake, na sasa ukumbi mzima, safu kwa safu, unazisukuma bilauri zake zikipasuka sakafuni.

Dukani hakuna aliyepiga makofi. Mzee Lugendo alimgeukia Mwasiti, na watu wote wakamgeukia, wakingoja awaambie kwamba bado iko sindano ya jambo hilo. Hakuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo popote duniani. Mke wa Bwana Kilongola alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, amevaa gauni la sherehe, akitabasamu kwa fahari. Alikuwa hajaelewa bado. Mwasiti alipita katikati ya watu, akaenda kukaa karibu naye, akamshika mkono.